Kitanda cha Tatu

Tarehe 9 Februari

Mjomba wangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima, na goti la mkazamjomba limetulia. Sisi huku hatujambo. Baba watoto bado yuko kule karakana ya mabasi, anarudi amechoka mpaka anakula amefumba macho. Mjukuu wako ameng'oka meno mawili ya mbele ndani ya wiki moja, sasa kila neno linatoka na upepo. Ningekupigia simu, lakini masikio yako tunayajua. Mara ya mwisho nilikuambia nimepata kazi, ukanipa pole.

Sasa la maana. Mjomba, nimeandika kitabu! Ni cha watoto, wa miaka kumi hadi kumi na mitatu hivi, na mswada umekubaliwa. Sura mbili za kwanza zimo ndani ya bahasha hii, na juu yake kuna anwani ya mchapishaji. Nimetaka wewe uwe wa kwanza katika ukoo kuzisoma, maana mama hayupo tena, na katika watu wa nyumba aliyokulia umebaki wewe tu.

Usitafute majini wala wachawi. Ni nyumba ya kawaida, ina baba, mama, watoto wawili na sufuria iliyoungua chini. Ila chumba cha watoto kina vitanda vitatu. Kile cha tatu hakilaliwi na mtu, lakini kila alasiri kinakutwa na bonde la mwili, tena lina joto. Mwaka hadi mwaka bonde linarefuka. Hakuna anayeshangaa. Mama mtu anasema, "Tandikeni, mje mle." Ndiyo namna ya kuandika ninayoipenda: ajabu inaketi mezani na watu, inapitishiwa chumvi.

Niambie ukweli umezionaje.

Wako,
Chiriku

*

Tarehe 30 Machi

Chiriku,

Marahaba. Sisi tu wazima. Goti la mkazamjomba wako limekataa dawa ya kuchua, limekataa ya kumeza, sasa linatibiwa kwa malalamiko. Mvua iliingia dukani lakini meza ya kazi imesalimika. Mpe pole huyo kibogoyo mdogo.

Barua yako ilifika siku nyingi. Nilikuwa na kazi.

Hizo sura nimezisoma. Mkazamjomba wako naye kazisoma, akalia. Lakini yule hulia hata redio ikitangaza sabuni. Mimi sikulia. Mimi ni fundi saa, mwaka wa arobaini na tatu huu, na ninachojua ni kwamba kitu kikitembea, kipo kinachokisukuma. Kama si springi ni betri. Kitanda hakijilalii. Wewe unawaandikia watoto wa watu kwamba kuna bonde la mtu kitandani, halafu husemi ni la nani, na wazazi wanalipita kama wanavyolipita jiko. Huko ni kuwafundisha watoto kutouliza.

Basi mimi nauliza. Vitanda vitatu umevitoa wapi? Ungeweza kuandika viwili, ungeweza kuandika kiti au kikombe. Na kwa nini alasiri? Mambo ya ajabu yote niliyowahi kusikia hutokea usiku. Nani amekuambia alasiri? Na lile sanduku la marehemu mama yako, ufunguo uko kwa nani?

Tena hukusema kitabu kitauzwa wapi. Ni huko kwenu tu, au kitafika na huku?

Mjomba wako

*

Tarehe 14 Aprili

Mjomba,

Shikamoo, na shikamoo nyingine kwa mkazamjomba. Huku ni amani. Meno ya mjukuu wako yameanza kuchungulia.

Nimecheka, nimekasirika, nimecheka tena. Mbona umeniuliza kama polisi wa zamu? Nimetunga, Mjomba. Alasiri nimeitoa kwa mama. Nilipokuwa mdogo, tukishakula cha mchana, alikuwa akinilaza na kunisimulia kitanda kinachochoka kukaa peke yake, mpaka kinakutwa na bonde na joto la mtu. "Kitanda nacho kinataka mtu," alikuwa akisema. Mimi nilidhani ananibembeleza nilale. Mengine yote ni kichwa changu. Sanduku lina nguo zake na vyeti vya hospitali, basi.

Na kuhusu kuwafundisha watoto kutouliza, sikiliza hili. Niliwasomea darasa langu la tano, wanafunzi hamsini na wawili. Hakuna aliyeniuliza bonde ni la nani. Hilo huulizwa na watu wazima. Msichana mmoja wa dawati la mbele alinyoosha kidole akasema, "Mwalimu, huyo wa kitanda cha tatu anawekewa chakula?" Darasa zima likanigeukia mimi. Nilirudi nyumbani nikaandika sura ya tatu nzima kwa sababu yake.

Kitabu kitapelekwa mashuleni, kote. Huko kwenu pia. Kwa nini?

Nami nikuulize moja tu. Chumba mlicholala wewe na mama utotoni kilikuwa na vitanda vingapi?

Chiriku

*

Tarehe 2 Mei

Chiriku,

Marahaba. Mvua imekatika. Goti liko vilevile. Wametuwekea taa mpya mtaani, inawaka mchana.

Vilikuwa viwili.

Badilisha hiyo namba. Andika viwili, au andika vinne.

Mjomba wako

*

Tarehe 19 Juni

Mjomba,

Shikamoo. Watu wa nyumbani wazima. Salamu zangu leo zinaishia hapo, utanisamehe.

Jana mhariri wangu aliniita ofisini. Ni mama mmoja mwenye miwani mbili, moja puani, moja kichwani, mtu wa utani sana, jana hakutania. Alifunga mlango akaniwekea mezani barua isiyo na jina. Imeandikwa kwa herufi kubwa tupu, kama ya mtu anayeficha mwandiko wake. Inasema: HADITHI YA KITANDA SI YA HUYO MWALIMU. NI YA WENYEWE. WENYEWE HAWAJATOA RUHUSA. MKICHAPA MTAJUTA.

Akabadilisha miwani, akaniuliza, "Mwalimu, umeiba kwa mtu?"

"Sijaiba."

"Basi nani anakuchukia?"

Akaniambia kazi inasimama mpaka jambo hili lijulikane kichwa na miguu. Ni kitabu changu cha kwanza, Mjomba. Miaka minne nimekiandika kwenye meza ya kulia, nikisogeza sahani.

Nikaomba niishike bahasha. Ni karatasi ya kaki iliyokunjwa kwa mkono, kingo zimekaa sawasawa kama zimepimwa. Pembeni kuna alama ya kidole, mafuta yamelowa mpaka karatasi inaangaza. Nikainusa. Mimi nimekulia chini ya meza yako ya kazi, nikiokota vijipande. Mafuta ya saa nayajua kuliko manukato.

Sikumwambia mhariri. Nakuuliza wewe: ni wewe?

Na kwa kuwa nautaka ukweli, nianze mimi. Nilikudanganya. Sanduku nililifungua wiki ileile ya mazishi. Chini kabisa, ndani ya soksi, kulikuwa na picha ya watoto watatu mbele ya mlango. Wewe ni yule mrefu, kaptura imekupwaya. Mama ndiye mdogo, kidole mdomoni. Katikati yenu yuko msichana mwembamba, amewashika mikono nyote wawili. Nyuma ya picha mama ameandika neno moja: Kijiti.

Mwaka mzima nimekaa nayo. Kitabu nilikuwa nimekianza zamani, hilo si uongo. Lakini zile sura mbili nilikuletea makusudi, nione utaruka upande gani. Nilikutegea, Mjomba, nawe umeruka.

Kijiti ni nani? Alikufa?

Chiriku

*

Tarehe 20 Julai

Mjomba,

Shikamoo. Mwezi umepita. Nimempigia mkazamjomba, anasema hujambo, unakula, dukani unakwenda. Basi si ugonjwa. Posta nayo nimeiuliza, barua ilifika.

Ukimya wako umeniharibia akili. Namtazama kila mtu wa ukoo kwenye picha za zamani, nahesabu vichwa. Kama alikufa, sema. Kama mlimfanyia jambo, sema pia, maana hata hilo nimeshaliwaza, na naona aibu kuliandika.

Chiriku

*

Tarehe 3 Agosti

Chiriku,

Marahaba. Hatukumuua mtu.

Barua kwa mhariri niliiandika mimi. Mikono nilifuta mara tatu kabla ya kukunja, na bado kidole kikanisaliti. Ni aibu ya ufundi juu ya aibu nyingine.

Kijiti ni dada yangu. Alinifuata mimi, akamtangulia mama yako. Jina hilo tulimpa kwa wembamba wake. Mwaka ule baba alikuwa amelala kwa kifua, mwaka wa pili, na mama akifulia watu nguo kutwa. Miongoni mwa aliowafulia walikuwepo mume na mke, watu wazima, hawakujaliwa mtoto. Wakaomba wapewe mmoja wamlee. Walitaka msichana, tena anayejua kujitunza. Mama yako alikuwa na miaka mitatu. Kijiti alikuwa na sita. Ikawa yeye.

Mama hakuweza kumpeleka. Alinituma mimi, nina miaka kumi na minne. Akaniambia, "Mwambie anakwenda kutembea, wiki moja." Nikamwambia hivyohivyo. Nikabeba begi lake, nikamshika mkono, tukaenda. Nilimkabidhi mlangoni nikarudi mbio. Mwezi uliofuata wale watu walihama mji, hawakuaga.

Kitanda chake mama alikitandika kila asubuhi. Tukishakula cha mchana, kabla hajarudi kwenye nguo za watu, alikuwa anaingia na kujilaza pale, amejikunja, nusu saa. Akiondoka hatandiki. Sisi tunakuta bonde, na joto lipo. Mama yako alikuwa mdogo, akaniuliza nani amelala hapa. Nikamwambia, tandika tu twende. Kwa hiyo kipo kilichokuwa kinasukuma, na mimi nilikijua. Na bonde halikurefuka, hapo umekosea. Lilibaki la mtu aliyejikunja, mpaka mama anakufa.

Ningeishia hapa, lakini hujamaliza kuuliza, nakujua.

Miaka kumi na moja iliyopita aliingia dukani mama mmoja mnene, mshonaji wa sare za shule, ana saa ya ukutani. Nikamuuliza jina niandike kwenye kikaratasi. Akataja lake, kisha la yule bwana aliyemlea. Skrubu ikaniponyoka. Tuliitafuta sote wawili sakafuni kwa magoti. Yeye ndiye aliyeiona. Nikamtengenezea saa yake, nikamwambia ahsante, karibu tena. Tangu hapo huja mara mbili, mara tatu kwa mwaka. Anakaa mtaa wa nne kutoka hapa. Mimi ni fundi wake.

Ana mjukuu wa miaka kumi na mmoja anayesoma kila kitu, hata gazeti lililofungiwa sukari. Sasa umeelewa kwa nini niliuliza kitabu kitauzwa wapi?

Nilitaka mmoja wetu afe kabla yeye hajajua kwamba mkono ule uliompeleka ulikuwa wangu. Ndiyo hivyo. Mkazamjomba wako hajui lolote. Barua hii ichome.

Mjomba wako

*

Tarehe 12 Agosti

Mjomba,

Shikamoo. Sijaichoma. Nimeisoma nikiwa nimeketi kwenye ngazi za shule, wanafunzi wakipita juu yangu kama maji, na mwisho nikamwambia mwalimu wa zamu naumwa, nikaenda nyumbani.

Nimekasirika kiasi kwamba nimeichana barua niliyokuandikia kwanza, na hii ni ya pili. Uliniambia nawafundisha watoto kutouliza. Nani alimwambia mama yangu "tandika tu twende"? Amekufa akiisimulia kwa mtoto wake kama hadithi, kwa sababu hakukuwa na mtu mzima wa kumwambia kama habari. Na dada yako, Mjomba! Miaka kumi na moja mnatazamana juu ya meza moja, wewe unampa kikaratasi!

Nami sina usafi wa kujivunia. Huzuni ya bibi nimeifanya pambo la kitabu kabla sijajua kwamba ni huzuni. Nimewaambia watoto hamsini na wawili kwamba hakuna haja ya kujua nani amelala. Nilidhani ni uandishi mzuri. Leo sijui.

Mhariri nimemwambia mwandishi wa ile barua ni mtu wa ukoo, sikusema nani. Anataka karatasi yenye jina na sahihi yako, kwamba pingamizi umeliondoa. Akiipata, kitabu kitaingia mtamboni katikati ya Oktoba. Kitanda sitakitoa. Lakini nyuma ya mgongo wako sitampelekea dada yako kitabu, wala jina lake sitaligusa.

Una miezi miwili. Fikiria anasimama jikoni kwake na mjukuu anamsomea kwa sauti. Hivyo ndivyo unavyotaka ajue?

Chiriku

*

Tarehe 6 Oktoba

Chiriku,

Marahaba, wewe na wote wa kwako. Mkazamjomba wako anasalimu. Goti amelisahau, ana jambo jipya la kunilalamikia. Karatasi ya mhariri imo humu, ina jina kamili na sahihi.

Dada yangu alikuja jana, saa nne asubuhi, na saa ya kengele. Niliifungua, nikaikagua, haikuwa na ubovu. Nikamwambia, "Mama, saa hii ni nzima."

"Itazame vizuri," akasema.

Nikaitazama tena. Jirani yangu, yule anayetoa nakala za karatasi, alikuwa amewasha mashine yake, meza yote inatetemeka. Nikaweka bisibisi chini. Nikasema yote kwa mpigo mmoja, macho kwenye saa: mimi ni nani, nani alinituma, nilimwambia nini njiani, na kwamba nilirudi mbio bila kugeuka.

Nilipoinua macho, midomo yake ilikuwa inasogea. Sikusikia kitu.

"Unasemaje?"

Akarudia. Sikusikia. Nikamtegea sikio lile lenye nafuu. Ndipo aliposimama na kupiga ukelele, "NAJUA! MIAKA KUMI NAJUA! NILIKUWA NANGOJA USEME, WEWE MZEE!"

Mashine ya jirani ikazimwa. Mtaa mzima ulipata habari kabla ya mkazamjomba wako, na ndilo jambo jipya analolalamikia.

Anasema alinitambua safari ya pili, kwa vile ninavyotoa ncha ya ulimi nikikaza skrubu. Nilikuwa hivyo tangu utoto, nikifunga kamba za viatu. Akamuuliza mwenye nyumba wangu ukoo wangu ni upi, akamaliza shaka. Kuanzia hapo saa alizoniletea, nyingi zilikuwa nzima. Nami, fundi wa miaka arobaini na tatu, nilikuwa nazifungua, nazisafisha, namwambia rudi wiki ijayo, kuna kitu kimelegea. Kila mmoja alimdanganya mwenzake kwa heshima zote.

Hakunikumbatia, usije ukaandika hivyo. Aliniambia mimi ni mwoga, akasema mama yetu alikuwa mwoga, akakaa chini akalia, akaomba maji. Nikampa zile sura zako, nikamwambia na bonde la kweli lilikuwa la nani. Alizisoma palepale kwenye benchi la wateja, na mimi nilimhudumia mtu wa betri bila kujua namhudumia nini. Alipomaliza akaomba kalamu na karatasi. Karatasi hii nyingine iliyokunjwa ni mwandiko wake. Amenikataza kusoma, na bahasha anakuja leo kuifunga mwenyewe.

Mjomba wako

*

Mwanangu,

Mimi ni mama yako mkubwa. Kijiti lilikuwa la udogoni; siku hizi mlango wa basi unanipokea kwa awamu mbili.

Unaandika vizuri, ila umeniandika kama mtu asiyekuwepo. Mimi nilikuwepo. Wakati bonde lako linapata joto, mimi nilikuwa nyumba nyingine, kitanda kingine, nakikojolea, na yule mama aliyenilea alikuwa anaanika godoro bila kunigombeza. Alikuwa mtu mwema. Hilo nalo waandikie watoto, wasidhani kwamba mtu akiondoka kwao anageuka hewa.

Habari za mama yangu kulala pale sikuwa nazo. Sijui bado nizifanye nini. Niache nazo kwanza.

Jambo la mwisho, na hili kaka yangu usimwambie kwa mdomo. Litie kitabuni, alisome kama watu wengine. Anadhani alinidanganya. Asubuhi ile mama alinikumbatia mpaka mbavu zikauma, na begini alitia nguo zangu zote, hata koti. Mtu hachukui koti kwenda kutembea wiki moja wakati wa joto. Nilijua kabla hatujavuka mlango. Njiani kaka yangu alikuwa analia, anajifanya anafuta jasho, na nikaona kwamba nikigoma, atakayepigwa ni yeye. Basi nikamuuliza kama huko tunakokwenda kuna paka, ili apate kitu cha kusema.